Dhana na Yakini katika Hukumu ya Betri

Miongoni mwa masuala ambayo wanachuoni wa kale waliyashughulikia kwa subira kubwa ni hili: mtu huwa na haki ya kusema "najua" wakati gani? Si kudhani, wala si kukisia, wala si kutuliwa na moyo juu ya jambo kwa kuwa kulifikiri kumemchosha, bali kujua, hata akiulizwa na mwenziwe, au siku moja na Mola wake, "umelijuaje?" awe na la kujibu. Suala hili hudhaniwa kuwa ni la vitabuni na la darsa za baina ya Magharibi na Isha, na wengi huliacha huko huko. Nami naona kwamba ni nadra limkabili mtu wa kawaida kwa uwazi zaidi kuliko asubuhi ile anapotia ufunguo katika gari lake, akapiga stata, na badala ya mngurumo wa injini akasikia mgoto dhaifu, ta-ta-ta, kisha kimya. Papo hapo hutoa hukumu, na huitoa kabla hajashuka garini: betri imekufa.

Sisemi kwamba hukumu hiyo ni batili siku zote, kwa maana betri hufa kweli, na katika nchi zetu za joto hufa mapema. Ninalotaka kulitazama ni kwamba imetolewa bila shahidi hata mmoja kuhojiwa, na kwamba anayetiwa hatiani ni yule aliyekutwa ameanguka. Betri haizalishi umeme wa gari. Hupokea, huhifadhi na hutoa. Ikikutwa tupu, utupu wake ni habari tu, na habari hiyo yaweza kuwa na maana nne zisizolingana: ama haiwezi tena kuhifadhi ilichopewa, ama haikupewa, ama ilipewa kikapotea njiani kisiifikie, ama ilipewa ikahifadhi, kisha ikaibiwa usiku gari likiwa limelala. Katika maana hizo ni moja tu ambayo kosa ni la betri yenyewe. Katika tatu zilizobaki betri ndiyo iliyodhulumiwa, nayo ndiyo ing'olewayo na kutupwa, na nyingine mpya ikawekwa mahali pake ili nayo idhulumiwe vivyo hivyo.

Wanachuoni wa usuli, walipokuwa wakitafuta illa ya hukumu ya sheria, yaani lile jambo ambalo likiwapo hukumu ipo na likikosekana hukumu haipo, walikuwa na njia waliyoiita sabri na taksimu: kugawanya, yaani kutaja kila sifa ambayo yumkini ndiyo illa, na kupima, yaani kuzichunguza sifa hizo moja moja na kuiondoa kila isiyofaa, mpaka ibaki ile isiyoondoleka. Mfano waupendao ni wa mvinyo. Umeharimishwa kwa nini? Je, kwa kuwa ni maji maji? Lakini maziwa nayo ni maji maji, na ni halali. Kwa rangi yake? Ziko sharubati za rangi ile ile. Kwa kuwa watokana na zabibu? Zabibu huliwa, na siki ya zabibu hutiwa katika kachumbari bila mtu kuona haya. Ikabaki kwamba hulevya. Na kwa kubaki huko wakapata mizani ya kuhukumia vileo ambavyo Madina ya zama zile haikuvijua. Mwaka 1843 Mwingereza John Stuart Mill alitoa kitabu cha mantiki ambamo alipanga njia za kutafutia sababu za mambo, na aliyesoma usuli akizisoma huziona ni jamaa aliokwisha kuonana nao zamani wakiwa na majina mengine.

Njia hiyo ina sharti moja zito, nalo ni kwamba mgawanyo uwe umekamilika. Aliyesahau kutaja sifa moja atazipima nyingine zote kwa uadilifu, ataziondoa kwa uadilifu, na hata hivyo ataangukia kwenye makosa, kwa kuwa mkosa hakuwamo miongoni mwa walioitwa. Na fundi ambaye katika maisha yake amejifunza sababu mbili tu, betri na alteneta, ile izalishayo umeme injini ikiwaka, kila gari litakalofunguliwa boneti mbele yake litakuwa na ugonjwa wa betri au wa alteneta.

Basi na aitwe mtuhumiwa wa kwanza. Betri hii ya risasi na asidi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, wakati gari la petroli lilikuwa bado kuzaliwa, ni vyumba sita vilivyounganishwa kwa mfuatano, kila kimoja kikiwa na volti 2 na chembe, hata jumla yake, ikiwa imeshiba na imetulia, ni 12.6 au zaidi kidogo. Mita ya bei ndogo iuzwayo kwenye maduka ya vifaa vya umeme yatosha kuisoma: ncha nyekundu juu ya chanya, nyeusi juu ya hasi, na kitufe kigeuzwe kwenye volti za mkondo mnyoofu. Ikisoma 12.4, betri imebaki na robo tatu ya shibe yake, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Chini ya hapo ni tupu au karibu na tupu, na ikiachwa katika hali hiyo majuma kwa majuma, chumvi ya risasi huganda juu ya bamba zake, ikawa ngumu, isikubali tena kurudi ilikotoka.

Walakini ushahidi huu nao una adabu zake. Betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi husoma 12.9 au 13, na maneno yake si ya uongo ila ni ya juu juu. Sharti iachwe itulie saa kadhaa, au taa kubwa za mbele ziwashwe dakika mbili kisha zizimwe, ndipo kauli yake ipokelewe. Na hata ikipokelewa, 11.8 haithibitishi ila njaa, na njaa si maradhi. Atakaye kuyajua maradhi aishibishe kwanza kwa chaja, aiache, aipime tena, kisha amwombe mtu apige stata huku yeye ameikazia macho mita: ikiwa betri iliyokuwa imeshiba inaanguka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, hapo neno "imekufa" limepata shahidi wake wa kwanza. Nasema wa kwanza, kwa sababu stata iliyokazana nayo huweza kuiangusha betri nzima isiyo na dosari.

Sasa maana ya pili, ya kutopewa. Injini ikishawaka, mita ile ile mahali pale pale yapasa kupanda hadi baina ya 13.8 na 14.5, ingawa katika magari ya siku hizi kompyuta hupandisha na kushusha kadiri ionavyo. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kuzuia, na maji ya betri yatachemka mpaka bamba zibaki wazi. Ikibaki pale ilipokuwa kabla ya kuwasha, au ikiendelea kushuka, basi betri hailishwi. Na hapa mwenye haraka hutoa hukumu yake ya pili kwa wepesi ule ule wa ile ya kwanza. Alteneta imekufa! Angoje kidogo. Mkanda uliolegea huteleza juu ya puli, hasa asubuhi ya mvua, ukalia kwa sauti kali, na alteneta ikazunguka nusu ya inavyotakiwa. Kuukaza ni kazi ya spana mbili.

Kisha iko taa ile ndogo nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi, ambayo naiona ni darasa zima la falsafa. Katika magari ya jadi glopu ya taa hiyo imewekwa baina ya pande mbili: upande mmoja hupokea umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo, upande wa pili umeshikana na alteneta. Ufunguo ukigeuzwa na injini haijawaka, upande wa alteneta hauna kitu, umeme wa betri hupita katika glopu kuuendea, na taa huwaka. Alteneta ikianza kuzalisha, pande mbili hulingana, na baina ya walio sawa umeme hauna pa kwenda, taa huzima. Giza lake, basi, dereva hulipokea kama habari njema. Lakini giza hilo laweza kuwa na asili mbili, kulingana kwa pande mbili au kuungua kwa glopu, na kwa macho hazitofautiani hata kidogo. Zaidi ya hayo, umeme ule mdogo unaopita katika glopu ndio unaoiamsha alteneta ianze kazi; glopu ikiungua, alteneta nyingi za namna hiyo hazizinduki, au huzinduka kwa shida injini ikipigwa mafuta mengi. Mwenye gari husafiri kutoka Tanga hadi Korogwe akiutazama utulivu wa dashibodi yake na kumshukuru Mungu, ilhali utulivu ule ndio ugonjwa wenyewe.

Watu wa elimu ya jadali walikuwa na kanuni kwamba kukosekana kwa dalili si dalili ya kukosekana kwa jambo. Aitumiaye kanuni hiyo garini hugeuza ufunguo bila kuwasha injini na kuitaka taa ile iwake kwanza. Ikikataa kuwaka wakati ipasapo kuwaka, hauamini tena uzimaji wake. Shahidi hupewa nafasi ya kusema lile analolijua hakimu, ndipo aaminiwe katika lile asilolijua.

Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kuacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095, alisimulia baadaye jinsi alivyoshikwa na shaka hata akaanza kuzihoji hisia zake, akianza na ile yenye nguvu kuliko zote, nayo ni kuona: jicho hutazama kivuli likakihukumu kuwa kimesimama, na baada ya muda hubainika kuwa kilikuwa kinakwenda, hutazama nyota likaiona kadiri ya dinari, ilhali hesabu za wanafalaki zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Kwa wasiopata wasaa wa kutazama nyota, tamino ya betri, palipo na maana ya tatu, ya umeme kupotea njiani, yatosha kuyafundisha hayo. Ishike uitikise: imekaza. Itazame: haina ule unga mweupe na wa kijani unaotutumka juu ya tamino zilizotupwa mkono. Jicho na mkono vimeshuhudia kwa kauli moja kwamba pameungana. Sasa weka ncha nyekundu ya mita juu ya kichwa cha betri chenyewe, pale katikati kwenye risasi, na nyeusi juu ya tamino inayokizunguka, chuma kimoja hakiko mbali na kingine hata kwa upana wa unywele, kisha mtu apige stata. Kama pameungana kweli, mita haitasoma kitu cha maana. Ikisoma nusu volti, au volti nzima, basi umepotea umeme huo mahali ambapo jicho linaapa kuwa hapana nafasi ya kitu kupotea. Kwani baina ya risasi na risasi umelala utando mwembamba wa kijivu, uliozaliwa na mvuke wa asidi, ambao hauonekani mpaka tamino ifunguliwe. Kwa jaribio hilo hilo hupimwa njia nzima, kutoka kichwa cha alteneta hadi chanya ya betri, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, na kutoka bodi ya alteneta hadi hasi. Njia nzima isile zaidi ya volti 0.2 au 0.3.

Dawa yake ni rahisi, ila ina taratibu ambazo si za kuchezewa. Spana namba 10 katika magari mengi ya Kijapani hufungua tamino ya hasi kwanza, ya chanya baadaye, na wakati wa kurudisha hasi huwa ya mwisho. Kwa sababu spana inayogusa chanya na bodi kwa pamoja, hali hasi ingali imefungwa, hutoa cheche ya kutisha, na betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi isiyokuwa na subira na cheche wala sigara. Maji ya moto yenye magadi huua asidi iliyoganda, msasa humaliza utando, na grisi kidogo huzuia usirudi upesi.

Mafundi wa zamani walikuwa na jaribio jingine, na wako wanaolitumia mpaka leo kwa fahari: gari likiwa linaunguruma, huchomoa tamino ya betri, injini ikiendelea, husema alteneta ni nzima, ikizimika, husema imekufa. Katika magari ya dainamo jaribio hilo lilisameheka. Lakini tangu alteneta ziwe jambo la kawaida, na gari la Valiant la mwaka 1960 huko Marekani lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kutoka kiwandani nazo, na hasa tangu magari yajazwe kompyuta, kuchomoa huko hurusha volti kwa ghafula hadi kiwango kinachoua dayodi, regyuleta na kompyuta yenyewe kwa mkupuo mmoja. Nalichukia jaribio hili kuliko ujinga mtupu, kwa kuwa ujinga hauvunji kitu. Mafakihi walikataa ikrari iliyopatikana kwa mateso, na miongoni mwa hikima za kukataa huko ni kwamba mateso hayafichui hali ya mtu bali humpa hali nyingine. Aliyechomoa tamino hapimi tena gari alilolikuta, anapima gari alilolijeruhi yeye.

Imebaki maana ya nne, ya mwizi, na Waswahili walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako. Kila gari la leo hunywa umeme kidogo likiwa limelala, kwa saa, kwa king'ora, kwa kumbukumbu ya redio, na kiasi kisichozidi miliampea 50 hakina lawama. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu hapa Tanga, ambaye hulitumia gari lake kwa kwenda shamba na kwa sala ya Ijumaa, alikuwa amebadilisha betri, na betri mpya nayo ikakutwa tupu baada ya siku nne za kusimama. Kijana fundi aliyeitwa alikuja na adabu zake zote.

"Shikamoo, mwalimu. Hii si betri tena, ni alteneta. Tuibadilishe tu."

"Marahaba, mwanangu. Alteneta hufanya kazi injini ikiwaka?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na betri yangu huisha injini ikiwa imezimwa. Sasa huyo anayelala ameniibia vipi?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyojua muulizaji, na jibu lake halikuwa rahisi, kwa maana alteneta yenye dayodi iliyotoboka huiba hata ikiwa imelala, ikiruhusu umeme urudi nyuma usiku kucha. Kijana yule, na hili namsifu kwalo, hakubisha wala hakuona haya. Alifungua tamino ya hasi, akaigeuza mita yake kwenye ampea 10, akaiweka baina ya tamino na kichwa cha betri ili kila tone la umeme lipite ndani yake, akaukaza mlango kwa bisibisi kwenye kitasa ili gari lijione limefungwa, akatuonya tusijaribu kupiga stata kwani mita ingeungua, akangoja kama nusu saa vyombo vyote vilale. Mita ikasoma ampea 0.45. Hiyo ni zaidi ya saa-ampea 10 kwa siku, na betri ya 45 haimalizi juma.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya moja, na kila aliyoichomoa akairudisha. Ya redio, mita haikutikisika. Ya king'ora, ikashuka kwa chembe. Ya taa za ndani, ikaanguka hadi 0.03. Akairudisha, ikapanda 0.45, akaichomoa tena, ikaanguka tena. Mwalimu, ambaye ujanani alisoma usuli kwa sheikh wake kabla ya kwenda chuo cha ualimu, alicheka akasema neno moja, "Dawarani!" nalo ndilo jina walilolipa wazee dalili hiyo: kitu kuwapo kila sababu yake iwapo, na kuondoka kila iondokapo. Lakini taa za ndani zote zilikuwa zimezima mbele ya macho yetu. Ilibaki moja tu isiyoonekana, taa ya buti, ambayo ina ajabu yake: ukifunga buti huwezi kuiona, na ukifungua ili uione, kufungua kwenyewe huiwasha. Jicho halina hila juu yake. Kijana aliirudisha fyuzi, akangoja kidogo, akafungua buti na papo hapo akaigusa glopu kwa ncha ya kidole, akarudisha mkono upesi. Ilikuwa ya moto. Glopu iliyowaka sekunde moja iliyopita haiwi na joto lile. Ilikuwa imewaka gizani siku zote hizo, kwa kuwa kifundo cha mpira kilichokuwa kikiibonyeza swichi kilikuwa kimelika kwa jua. Wanakalamu, yaani wanachuoni wa itikadi, waliiita njia hiyo kutolea dalili kisichoonekana kwa kionekanacho, wakaitumia katika masuala makubwa kuliko buti la gari. Lakini sioni kwamba hutukuka au hudhalilika kwa ukubwa wa jambo inamotumiwa.

Hapa atasimama mtu aseme kwamba yote haya ni wasiwasi, na kwamba maisha hayampi mja nafasi ya kupima kila kitu. Mwingine, aliyesoma zaidi, ataleta neno la Ghazali huyo huyo, ambaye katika suala la kumi na saba la kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alisema kwamba mfungamano wa moto na kuungua kwa pamba si wa lazima, bali ni Mwenyezi Mungu anayeumba huku baada ya huko. Basi kuna faida gani kutafuta sababu? Ibn Rushd wa Kurtuba alimjibu kwa ukali, akaona kwamba aondoaye sababu ameondoa akili yenyewe. Mimi katika ugomvi huo wa majabali sina sauti, ila naona kwamba fundi hapotezi kitu kwa vyovyote watakavyoamua, kwani Ghazali hakukana kwamba ada ya Mungu katika viumbe vyake huenda kwa utaratibu, na kwamba tumejaaliwa kuujua utaratibu huo na kuutegemea. Na mita haidai kusoma zaidi ya ada.

Ama kuhusu wasiwasi, jibu lake limo katika fikihi. Sheria haikumtaka mja yakini katika kila jambo. Msafiri aliyepotelewa na kibla usiku wa mawingu hujitahidi kwa dalili alizonazo, akasali kule dhana yake inakoelemea, na sala yake husihi. Dhana yenye nguvu ni msingi halali wa kutenda. Kwa hiyo aliye njiani, gari limemzimikia Segera saa tano za usiku na watoto wamo ndani, akanunua betri ya kwanza aliyoipata kwa dhana tu, hana lawama hata chembe. Lawama iko katika kuipa dhana jina la yakini, mtu akisema "nilijua ni betri", na fundi akimwambia mteja "imekufa" mahali ambapo ukweli ulio katika elimu yake ni "imekutwa tupu". Kuitaja daraja ya elimu yako kama ilivyo ni amana, na amana hii huvunjwa zaidi na wajuzi kuliko wajinga, hasa pale anayepima betri ndiye anayeuza betri. Hapo mwamba ngoma huvutia kwake hata bila ya kukusudia.

Na madhara hayaishi mfukoni mwa aliyedanganyika. Betri iliyohukumiwa bure huenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na risasi yake huyeyushwa mahali fulani na watu fulani wanaovuta moshi wake. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, waliishi miaka mingi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Risasi ikaingia katika damu ya watoto. Bi Phyllis Omido, aliyelisimamia jambo lao, alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini humo iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu ambayo ilikatiwa rufaa miaka iliyofuata. Kwamba betri moja iliyotupwa na taa ya buti ina sehemu katika dhima hiyo ni jambo ambalo sitalipima kwa tarakimu. Lakini kanuni ya kutodhuru wala kudhurika haikuweka kiwango cha chini.

Iko hali moja ambayo sabri na taksimu humwacha mtafutaji mikono mitupu: vipimo vyote vimesema sawa, betri imeshiba, alteneta inalisha, njia ni safi, mwizi hayupo, na gari baada ya siku tatu linagoma tena. Wanachuoni walipofika mahali kama hapo, dalili zikilingana na moja isiishinde nyingine, walisimama bila kuhukumu, nako wakakuita tawakufu. Na Imamu Malik wa Madina, ambaye watu walimwendea kutoka pande za mbali na maswali yao, imehadithiwa kwamba aliyajibu mengi yake kwa neno "sijui" bila kuhisi kwamba kilemba chake kimepungua. Aliyesimama hivyo mbele ya gari lake hakushindwa, ila kazi yake inabadilika: aandike katika daftari kila alichokipima, na saa, na hali ya hewa. Aliyepima alteneta asubuhi ikiwa baridi akapata 14.2, aipime tena saa nane za mchana baada ya mwendo mrefu, taa na feni vikiwa vimewashwa na injini haijapoa. Kwani brashi za kaboni zilizolika huweza kushika zikiwa baridi na kuachia zikipata moto, na waya uliokatika ndani ya ngozi yake hugusana na kuachana kadiri gari linavyotikisika. Mpaka apate tarakimu ya pili, wa nyumbani wakimuuliza gari lina nini, anayo ruhusa ya kuwajibu kwa neno la Malik.